Mhadhara wa Tatu wa Mwalimu Tarehe

Familia inawashukuru nyote mliofika, mliotoka karibu na mliotoka mbali, mlioomba ruhusa kazini na mlioondoka bila kuomba, na kabla ya yote inawasihi mliosimama mlangoni msogee mbele, viti vipo, maana katika uhai wake marehemu hakuna kitu kilichomchosha kama mtu anayesikiliza huku mguu mmoja uko nje. Ile karatasi mliyoandika majina wakati mnaingia, yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi mwekundu, itaelezwa huko mbele, msiwe na wasiwasi. Anayesoma ni mdogo wake wa mwisho, fundi friji, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Kumi na Tano, na familia haikumchagua kwa ajili ya elimu, kwani shule aliiacha kidato cha pili na shule nayo haikumfuata, bali kwa sababu hakuna mtu chini ya jua, na hapa hatii chumvi, aliyemsikiliza marehemu mara nyingi kuliko yeye.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1960, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtaa wa pili kutoka kiwanda cha viberiti, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba aliyekuwa mlinzi wa geti la kiwanda hicho na mama aliyekuwa mshonaji wa sare za shule. Baba alikuwa na daftari la geti, ambamo kila aliyeingia na kila aliyetoka aliandikwa saa na dakika, na mtoto huyu alijifunza kusoma humo, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hivi kwamba alijua nani alichelewa kazini Jumanne iliyopita kabla hajajua irabu ni ngapi.

Alianza darasa la kwanza tarehe 9 Januari 1967 katika shule iliyopakana ukuta na karakana ya mabati, ambako mwalimu alifundisha kati ya nyundo moja na nyingine, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, kisha akajiunga na sekondari ya bweni kuanzia 1974 hadi 1977. Mdogo wake anayewasomea alizaliwa tarehe 2 Mei 1972, na jambo la kwanza alilofanya kaka mtu alipoonyeshwa kichanga kilichofungwa kwenye kanga ni kuuliza saa, akaiandika kwenye ukuta kwa mkaa, na mama akamfokea, "Wewe mtoto, mwenzio hata macho hajafungua ushamtia kwenye daftari?" Ukuta ule ulipakwa chokaa mara nyingi, lakini saa ile ipo, saa nane na dakika ishirini mchana, na mwenyewe hajawahi kusahau.

Alihitimu chuo cha ualimu tarehe 28 Novemba 1980, na mwezi Januari 1981 akaanza kufundisha historia katika sekondari ya kutwa iliyo nyuma ya soko la nafaka, ambako alikaa miaka ishirini na minne kwenye chumba kile kile chenye dirisha moja lisilofungika. Huko ndiko wanafunzi walikompa jina la Mwalimu Tarehe, kwa kuwa hukumwambia "zamani" akakuacha, alikukazia macho na kukuuliza, "Zamani ya lini?", ukasema "zamani sana", naye akavuta kiti akaketi kabisa, kwa maana kwamba ana muda.

Marehemu alifundisha kwamba ukimsoma mtu mbele ya watu, yaani ukisoma wasifu wake, lazima useme angalau jambo moja ambalo angependa lirukwe, la sivyo wanaomjua watacheka moyoni na wasiomjua hawatamwamini. Basi familia inalisema. Mwaka 2004 aliweka pembeni mtaala kwa muhula mzima, akawatuma wanafunzi wa kidato cha nne wakawaulize wazazi wao kazi walizofanya na walivyozifanya, nao wakarudi na madaftari ambayo hayajawahi kuonekana, historia ya wachoma mkaa, ya wapakuaji magunia, ya mama mmoja aliyesuka nywele kwenye baraza moja kwa miaka thelathini. Mtihani wa taifa haukuuliza habari za mama msusi. Wanafunzi thelathini na mmoja walianguka somo la historia, wengine maisha yao yakapinda hapo, na tarehe 17 Februari 2005 marehemu akapewa barua ya kuachishwa kazi, ambayo hakuipinga hata kwa mstari mmoja. Orodha ya wale thelathini na mmoja ilikaa mfukoni mwa shati lake hadi alipolazwa, na kama mmoja wenu yupo hapa leo, na familia inajua wapo, alitaka mjue kwamba hakuwasahau, na kwamba alichoka kwa ajili yenu kuliko mlivyodhani.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 27 Desemba 1986, na mtunza stoo wa duka la dawa, mwanamke mwenye hesabu kali na maneno machache, na wakajaliwa watoto wawili wa kike, mkubwa aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1988, ambaye leo ni fundi umeme, na mdogo aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1992, ambaye anaendesha lori la magurudumu kumi na nane na ambaye wajomba zake wanaogopa kupanda naye. Shemeji yetu amevumilia mengi. Aliwahi kumwambia mumewe mbele ya wageni, "Mzee wangu, nyumbani unazungumza na ukuta, ukitoka unakwenda kuzungumza na viti, hivi sisi watu utazungumza nasi lini?", na marehemu akacheka mpaka akakohoa, kisha akaandika maneno hayo pamoja na tarehe.

Viti vyenyewe ndivyo hivi. Tarehe 3 Aprili 2006 alijiunga na Mpango wa Wazungumzaji kwa Vikundi vya Jamii, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la rangi, ambayo kazi yake ni kupeleka watu wenye maarifa ya historia, lugha na sanaa kwa vikundi vya mtaani, viwe vya wafugaji nyuki au vya wajane, mradi kikundi kijaze fomu wiki tatu kabla, kiwe na chumba, na wapatikane wasikilizaji wasiopungua kumi na tano walioandika majina yao, katika chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Wakiwa kumi na wanne, mhadhara hauhesabiki. Kikundi kikitimiza mihadhara mitatu ndani ya muda, ofisi huchapa maisha ya wanakikundi kama walivyoyaandika wenyewe, kitabu kinapelekwa kwenye maktaba zote za wilaya na hakuna wa kukiondoa. Kisipotimiza, madaftari yanarudishwa kwenye mfuko yalimotoka. Marehemu alikuwa na mihadhara mitatu tu, wa kwanza jinsi ya kumuuliza mtu maisha yake, wa pili jinsi ya kuyaandika, na wa tatu jinsi ya kumsoma mtu mbele ya watu, na hiyo mitatu aliitoa, kwa mujibu wa daftari lake, mara mia nne na kumi na moja.

Sasa, wasikilizaji kumi na tano ukiwaandika kwenye karatasi ni wachache, ila uwatafute siku ya kazi, mvua inanyesha, mwenye ufunguo wa chumba amekwenda msibani, projekta imegoma, na waliokuja ni kumi na wanne pamoja na aliyekuja kukojoa. Ndipo mdogo mtu alipoingia kazini. Mwanzo alikuja kutengeneza projekta tu, ambayo alikuwa akiifufua kwa bisibisi ya friji na kofi moja upande wa kushoto, lakini siku moja wakahesabu watu wakawa kumi na wanne, kaka akamtazama, naye akafuta mikono akaandika jina. Mratibu wa ofisi, mama makini mwenye miwani ya kamba, alipogundua alisema, "Huyu si ndugu yako? Ni mwanachama wa kikundi gani?" Kumi na Tano hakupenda kusemwa mara mbili, akaanza kujiunga, na mpaka leo ana kadi halali za vikundi ishirini na saba, vikiwemo cha wakunga wastaafu, cha wazazi wa mapacha ilhali mtoto wake ni mmoja, na cha wanawake wanaojifunza kuogelea, ambako kwa kweli alijifunza. Amesikia mihadhara ile mitatu kwa miaka kumi na minane. Kuna maprofesa wasiojua nusu ya anachokijua, na wapo walioambiwa hivyo usoni, na yeye mwenyewe.

Lakini msidhani ilikuwa raha. Walichoka. Walibeba viti vya plastiki hadi ghorofa ya tatu na kuvishusha, walingoja funguo kwenye korido zenye harufu ya dawa ya mende, walizungumza huku feni ikipiga kelele na mtu wa safu ya mbele akikoroma, walirudi nyumbani hawasemeshani, kila mmoja na mkoba wake, na wiki iliyofuata wakaenda tena. Mara nyingi Kumi na Tano alimwambia kaka yake, "Bro, si tuandike majina mawili matatu ya kubuni tukalale? Nani atajua?" Na jibu lilikuwa moja miaka yote, "Tutajua sisi wawili, na wewe mdomo huna kufuli."

Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Agosti 2011, walikuwa wamealikwa na wakunga wastaafu kwenye jengo la mikutano, chumba namba nne. Wakaingia namba mbili. Humo walikuta umati, watu arobaini na wawili, wameketi wima, kalamu mkononi, na marehemu alipoona vile machozi yalimlengalenga, akatoa mhadhara wa pili vizuri kuliko alivyowahi kuutoa, watu wakaandika kila neno, hakuna aliyepiga hata chafya. Alipomaliza na karatasi kujaa pande mbili, kijana mmoja akanyoosha mkono, "Samahani mwalimu, haya yanatoka kwenye sehemu ya alama za barabarani au ya injini?" Walikuwa wanangoja mtihani wa leseni ya udereva. Wakunga kumi na mmoja walikuwa namba nne saa nzima na nusu, wanafuma vitambaa na kulaani.

Marehemu aliichana ile karatasi vipande vinne. Mdogo wake nusura alie. "Kaka! Arobaini na wawili! Tangu tuanze hatujaona watu wengi hivi, unachana?"

"Hawa hawakuja kwetu," akasema. "Hawa walikwama."

Akaenda namba nne akawaomba radhi wakunga, akazungumza nao wote kumi na mmoja, pamoja na mdogo wake kumi na wawili, mhadhara usiohesabika, akarudi mwezi uliofuata akaurudia. Mkumbukeni kwa hilo, kwa maana familia italihitaji muda si mrefu.

Kikundi chake cha mwisho kilikuwa cha wafuaji na wapiga pasi wa hospitali kuu, watu kumi na tisa wanaofanya kazi kwenye jengo la chini lenye mabomba na mvuke, wakiongozwa na mama wa zamu ambaye wenzake humwita Mama Mvuke. Waliandika maisha yao kwenye madaftari ishirini, kumi na tisa ya kwao na moja la mzee wa boila, aliyefanya kazi pale miaka thelathini na moja, akafa bila mtoto, bila picha hata moja, bila kitu chochote duniani chenye jina lake zaidi ya daftari hilo la kurasa arobaini na nane. Shida yao ilikuwa zamu. Mashuka hayasubiri, kwa hiyo hata wakibadilishana vipi, wasiozidi kumi na wanne ndio waliweza kutoka pamoja, na mnajua wa kumi na tano alikuwa nani. Mhadhara wa kwanza ulifanyika tarehe 20 Julai 2023, wa pili tarehe 16 Novemba 2023, na katika huo wa pili sauti ya marehemu ilikatika katikati ya sentensi, akanywa maji, ikatoka kidogo, ikakatika tena.

Alianza matibabu mwezi Desemba, na tarehe 8 Februari 2024 madaktari wakabaini uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji tarehe 22 Aprili 2024, akabaki na sauti ya kunong'ona, na tarehe 2 Septemba 2024 akalazwa wodi namba sita ya hospitali ile ile, juu ya mashuka yaliyopigwa pasi na watu aliowadai mhadhara mmoja, au waliomdai yeye, hilo hawakuwahi kukubaliana. Muda wa kikundi unaisha tarehe 31 Oktoba. Alijua, aliiandika tarehe hiyo kwenye boksi la dawa.

Akiwa kitandani alijaribu. Aliwaita wapiga pasi waje wakati wa kuona wagonjwa, awanong'oneze mhadhara wa tatu, lakini wodi inaruhusu wageni wawili kwa kitanda, na walipoingia watano muuguzi akawasimamia mlangoni, "Hapa ni wodi, si darasa." Mama Mvuke akamjibu, "Dada yangu, shuka analolalia nimelinyoosha mimi kwa mkono huu, leo nimekuwa mgeni?" Muuguzi akacheka, ila hakulegeza. Basi wakaja wawili wawili, siku nne, na siku ya tano mratibu akaja na maua na fomu, akasikiliza, akavua miwani, akasema kwa huruma, "Mwalimu, imeandikwa chumba kimoja, wakati mmoja. Wawili wawili ni foleni." Marehemu akatikisa kichwa kukubali, kwani kanuni ile hata yeye aliipenda, ndiyo iliyokuwa ikiwafanya watu waonane.

Tarehe 10 Oktoba 2024, siku tisa kabla ya kufariki, aliomba kalamu, akachukua fomu ya ofisi, mahali palipoandikwa "Mzungumzaji mbadala" akaandika jina la mdogo wake, akatia sahihi, na chini yake akaongeza maneno haya: "Anaijua yote mitatu. Asitie chumvi." Mdogo wake akamuuliza ataongea wapi na nani, ikiwa watu wenyewe hawaruhusiwi kutoka zamu, na kaka akanong'ona kitu ambacho Kumi na Tano alidhani ni homa, "Kwa mhadhara hawapewi ruhusa. Kwa msiba wanapewa." Kisha akafumba macho, amechoka, na kona ya mdomo ikacheka.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, saa nne na dakika kumi na tano asubuhi, mke wake na binti mkubwa wakiwa pembeni, na binti mdogo akiwa njiani na lori. Saa ile mdogo wake ameiandika ukutani, na safari hii hakuna aliyemfokea.

Leo ni Jumatano, tarehe 23 Oktoba. Kumi na tisa wa jengo la mvuke wote wapo hapa, safu ya nne na ya tano, kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi wamekaa pamoja chumba kimoja, na mashuka ya leo yanafuliwa na zamu ya kuazima. Mratibu yuko safu ya pili, na familia ilimwomba aje na muhuri wake, hakuuliza wa nini. Karatasi iliyo mlangoni ni karatasi ya mahudhurio ya Mpango wa Wazungumzaji, na hiki mlichosikiliza ni mhadhara wa tatu, jinsi ya kumsoma mtu mbele ya watu: toa tarehe, kwani tarehe ni msumari, bila msumari maisha ya mtu huanguka chini, usimpambe mpaka mkewe asimtambue, sema lile ambalo angependa lirukwe, na umalize kabla watu hawajaanza kutazama mlango. Aliyekuja kuzika na si kusikiliza, aliyeona amekwama, kalamu ipo pale pale, akakate jina lake, hatalaumiwa na mtu, marehemu angemshukuru. Jina la Kumi na Tano halimo kwenye karatasi ile. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane hakuhitajika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, akiwemo yule aliyekataa wageni watano, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na walioazimisha viti, inaishukuru ofisi ya juu ya duka la rangi, vikundi vyote ishirini na saba, na wakunga, ambao walishasamehe. Inawashukuru wafuaji na wapiga pasi kwa shuka jeupe alilofunikwa nalo, lililonyooka hata mkunjo mmoja hakuna, na inawaomba, watu wakishatoka, wabaki kidogo hapo walipo, mratibu apite safu kwa safu na karatasi yake, ahesabu, apige muhuri, ili yule mzee wa boila naye aingie maktaba.

Kaka, tumechoka sote wawili, ila wewe ulianza. Pumzika sasa. Viti vimejaa.